Maua ya vitunguu ya vuli: namna ya kuyapanda uwani na kuyatazama maweni

Kila ikifika Oktoba watu wananitumia picha ya ua jekundu duara kama mpira, limesimama peke yake juu ya kikonyo bila jani hata moja, mara pembeni ya ukuta, mara kwenye kiwanja kinachosafishwa, na swali ni lile lile, hili ni nini na nalipandaje. Bas leo naandika yote niliyonayo mana kujibu mmoja mmoja hatutamaliza, na huku tunaulizana vitunguu vyenyewe (sio vya kupikia, ni vile vya maua vilivyo chini ya ardhi) vinapitiwa na greda.

Kwanza neno lenyewe, vuli. Skuli tumefundishwa vuli ni yale majira ya Ulaya majani yanapopukutika. Kwetu vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba mpaka Disemba baada ya kipupwe kukausha kila kitu. Sasa mtu akitafuta kwenye intaneti maua ya vitunguu ya vuli anakutana na ya wenzetu wa huko, zafarani, kolchikamu, nerine, anasoma panda Agosti yachanue Oktoba, anasema ahaa Oktoba si ndo vuli yetu, anaagiza. Mie nilifanya hivo hivo. Niliagiza vitunguu 20 vya zafarani kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni alieniapia vinakubali popote, na niyaseme tu, moyoni nilishajiona nachuma zafarani yangu mwenyewe ya biriani na ya kuandikia kombe. Vilitoa majani membamba kama nyasi. Ua hata moja. Mvua za masika zilipokuja vyote vikaoza ndani ya ardhi, nikivifukua vinabonyea kidoleni kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Sababu niliielewa baadae. Kitunguu cha zafarani kinatengeneza ua lake ndani kwa ndani wakati wa joto kavu, halafu ili ua litoke nje kinasubiri baridi iingie, karibu digrii 15 hadi 17. Unguja baridi hio haipo, hata usiku wa Julai. Kule Iran, Kashmir na Spain inakuja yenyewe kila mwaka mwezi wa kumi. Na hata ingekubali, ua moja lina nyuzi tatu nyekundu tu, gramu moja ya zafarani inataka maua kama 150, kilo moja maua 150,000, na yote yanachumwa kwa mkono asubuhi, ndo mana pale sokoni Darajani unauziwa kijikasha kidogo namna ile kwa bei ile. Nunueni tu zafarani ya kula, ya kupanda achaneni nayo.

Lakini kuna jambo ningependa mlishike hapa kwa sababu mwongozo wote umekaa juu yake. Kitunguu hakisomi kalenda. Chukua ile amarilisi ya asili ya Cape, Afrika Kusini, kwao inachanua Februari mpaka Aprili kwa sababu ndo kiangazi chao kinaisha, ukiipeleka Uingereza inachanua Septemba na Oktoba kwa sababu hio hio. Kitunguu ni ghala, kinalala wakati mbaya, kinaamka wakati mzuri unaporudi. Kwa wenzetu wakati mbaya wa vitunguu hivi ni ukavu wa kiangazi chao. Kwetu ni ukavu wa kipupwe. Kwa hio maua ya vuli tunayo, ya kwetu, yameshazoea mvua zetu na jua letu, na hayana haja ya kuagizwa ndege.

Yajue kwanza

La kwanza ndo hilo la mpira mwekundu, kitaalamu Scadoxus multiflorus. Ukilisogelea utaona sio ua moja, ni maua madogo madogo mengi, mpira mkubwa unaweza kuwa na hadi 200, kila moja na nyuzi zake zimetoka nje na vichwa vya njano, na kikonyo chini kina madoa ya zambarau kama mtu karusha wino. Linakaa wiki moja, pengine mbili, halafu majani mapana yanakuja nyuma yake au pamoja nalo. Linapenda kivuli chepesi na udongo wa majani yaliyooza katikati ya mawe.

La pili ni gloriosa, lile linalopanda juu ya vichaka, petali zake zimejikunja kwenda juu kama miali ya moto, nyekundu na kingo za njano zenye mawimbi. Hili halina kitunguu, lina kiazi chenye tagaa mbili kama herufi V. Angalia ncha ya jani lake, imejisokota kuwa kikonyo cha kushikia, yaani linapanda kwa kutumia majani, hakuna ua jengine la vichakani kwetu ninalolijua lenye namna hio. Na Zimbabwe ndo ua lao la taifa.

La tatu ni krinamu, kitunguu kikubwa hasa, kingine kinazidi ngumi mbili, majani marefu kama mikanda, maua meupe yenye mstari wa waridi iliyokoza katikati ya kila petali na harufu inayotoka jioni. Moja katika jamii hii linaitwa Crinum kirkii, kwa jina la John Kirk, yule konseli wa Kiingereza aliekaa Zanzibar karne ya 19 na kupeleka mimea mingi bustani ya Kew kule London.

La nne sio la kwetu kwa asili, limetoka Marekani ya Kati na Kusini ila limeshakuwa mwenyeji, vile viua vidogo vya waridi au vyeupe, majani kama ya vitunguu majani, vinavyochanua vyote kwa pamoja siku chache baada ya mvua kubwa. Mie naviita maua ya mvua. Anaeanza aanze na haya, hayana masharti.

Onyo kabla hujashika jembe

Vyote hivi vina sumu, na nasema hivi nikiwa na watoto nyumbani. Krinamu na mpira mwekundu ukikichimba kitunguu kinafanana na kitunguu cha kupikia, lakini ndani kina sumu ya kutapisha na maji yake yanawasha ngozi. Gloriosa ndo mbaya zaidi. Kiazi chake mtu anaweza kukidhania kiazi kikuu kichanga, na ndani mna kolchisini, ile ile iliyomo kwenye kolchikamu ya Ulaya inayochanua Oktoba bila majani, mana ni ukoo mmoja, mmoja kazaliwa huku mmoja kule. Madaktari wanaitumia kutibu jongo, na India wanailima gloriosa kwa ajili ya mbegu zake zinazotengenezwa dawa hio, ila ni kwa kipimo cha maabara. Kiazi kibichi kinaua mtu. Kwa hio vaa glavu, nawa mikono, usihifadhi vitunguu hivi jikoni hata kwa usiku mmoja, na ukivianika kwenye ungo andika karatasi uiweke juu yake.

Vipatikane vipi

Msituni hatuchimbi. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, Ngezi kule Pemba na Kiwengwa nako ni hifadhi, mle tunaingia kutazama tu. Na hata penye mawe ya kijiji, kitunguu cha mpira mwekundu kimechukua miaka kufika ukubwa ule, ukiking'oa kwa ajili ya chungu chako umeondoa na mbegu zote ambazo kingezaa.

Pahala pa kuchukua ni pale panapoondoshwa. Viwanja vinasafishwa kila siku, vya nyumba, vya hoteli, vya kuchimba mawe, na panapopita greda kila kitu kinasagwa. Mie vitunguu vyangu vya mwanzo nilivipata njia ya Muyuni, nimeshuka kwenye gari namuona mzee anafyeka shamba lake, vitunguu vimelundikwa pembeni na mizizi juu. Nikamwambia shkamoo babu, akasema marhaba mwanangu, nikamuomba vile vitunguu. Akanitazama akasema, "Hivo? Hivo hata mbuzi hawali, mi navitupa, chukua vyote." Akanipa na pakacha la kubebea. Vilikuwa 11, tisa vimeshika. Kwa hio omba, mwenye shamba huwa hana shida, na ukipita tena msimu unaofuata mpelekee picha ya ua, yule mzee sasa akifyeka ananiwekea.

Tatizo ni kwamba kipupwe, ambao ndo wakati mzuri wa kuhamisha kwa sababu kimelala, juu ya ardhi hukioni. Dawa yake ni kuweka alama. Vuli ukiona ua mahali panapotarajiwa kujengwa, mwambie mwenyewe, chomeka kijiti au panga mawe matatu, Julai au Agosti rudi uchimbe. Chimba mbali na kitunguu, shubiri nzima kila upande, usivute kwa juu, kwenye mawe kitunguu kinakuwa kimejibana kwenye tundu na ukivuta shingo inakatika. Gloriosa uwe mpole zaidi, ncha ya kiazi ndo yenye jicho la kuchipua, ncha ikivunjika kiazi kile kimekwisha hata kikiwa kinene vipi.

Udongo na kupanda

Wakaazi wa maweni mna bahati, tundu la jiwe lililojaa majani yaliyooza ndo kwao hasa, pandeni hapo hapo. Wa kinongo, ule udongo mwekundu, nao hawana tabu. Wenye kinamo, yale matope yanayoshika maji, msipande chini, inueni tuta au tumieni chungu, la sivyo masika itawaozesheeni. Wa kichanga ongezeni samadi ya zamani na majani.

Kwenye chungu au dumu lililokatwa mie nachanganya kinongo sehemu mbili, kichanga cha shamba sehemu moja, na vumbi la makumbi ya nazi au majani ya mwembe yaliyooza sehemu moja. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi, na ufukwe wenyewe unaliwa na bahari kila siku hauhitaji na sisi tuuchote. Makumbi pia yakiwa yalifukiwa pwani yaloweke maji ya mvua uyakamue mara mbili tatu kwanza. Toboa chini matundu yasiopungua manne, yaingie dole gumba.

Mpira mwekundu unapandwa shingo ikiwa sawa sawa na uso wa udongo. Krinamu shingo yote inabaki nje. Maua ya mvua vitunguu vyake vidogo, fukia urefu wa kidole cha mwisho, panda 10 au 15 kwa pamoja mana moja moja hayapendezi. Kiazi cha gloriosa kilaze ubavu kwa kina cha vidole vinne na mwekee kitu cha kupandia mapema, waya, mti wa pilipili manga, ua wa makuti, chochote, kwa sababu shina likianza kutambaa chini ukija kulinyanyua linakatika. Kivuli ni kwa mpira mwekundu peke yake, chini ya mwembe ni pazuri. Wengine wapewe jua la asubuhi angalau.

Maji, na hapa ndo wengi wanapokosea

Kitunguu kinauliwa na huruma. Masika ikiisha, majani ya mpira mwekundu yanaanza kuwa manjano, mtu anaona mmea wake unakufa, anamwagilia, unazidi kuwa manjano, anazidi kumwagilia. Haufi, unalala! Yaache majani yakauke yenyewe, usiyakate yakiwa kijani hata kama yanaharibu sura ya uwani, mana wakati ule yanarudisha chakula ghalani. Yakishanyauka kabisa, maji mwisho. Kwangu alama ni sherehe ya Mwaka Kogwa, wakishamaliza pale Makunduchi mwezi wa saba mie nakuwa nimeshalaza vyungu vyangu ubavu chini ya upenu, ili hata zile mvua za mchoo zisiingie, na vinakaa hivo mpaka mwisho wa Septemba bila tone. Vilivyopandwa chini ardhini kwenye mawe havihitaji hata hilo, mawe yanamwaga maji yenyewe.

Mwanzo wa Oktoba nasimamisha vyungu, natoa udongo wa juu kiasi cha vidole viwili naweka samadi ya ng'ombe iliyokaa zaidi ya miezi sita (mbichi inaunguza). Halafu nasubiri mvua. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha nikiwa nyumbani navitoa nje vyote viloe, nikiwa sipo namuomba jirani. Kuna miaka vuli inachelewa, ikifika katikati ya Novemba bado kavu naweka chungu ndani ya beseni la maji nusu saa mpaka juu paonekane umajimaji, natoa, sirudii mpaka nione ncha. Ncha ikitoka inafanana na brashi ya kuchorea iliyofungwa, nyekundu ndani ya ganda la kahawia, na inakwenda mbio, jioni unaiacha hapa asubuhi ishapanda vidole viwili.

Ua likishapita kazi haijaisha, na hapa ndo pa kutia bidii. Watu wanasahau chungu pembeni kwa sababu hakina ua, na mwaka unaofuata wanalalamika mbona halijachanua. Ua la mwakani linatengenezwa na majani ya mwaka huu. Kaskazi ya Januari na Februari ni kali, mwagilia mara mbili kwa wiki, asubuhi, na kila mwezi maji ya samadi kidogo. Masika mvua inafanya yenyewe, wewe angalia matundu ya chini yasizibe.

Maua ya mvua yana namna yake, hayalali muda mrefu, ukiyanyima maji wiki tatu nne ukayarowesha sana yanachanua ndani ya wiki, unaweza kufanya hivo mara kadhaa kwa mwaka. Gloriosa anaanza na majani, anapanda, halafu maua, na ua linabadilika rangi, linafunguka kijani manjano siku za kwanza kisha linaiva kuwa jekundu, kwa hio shina moja linakuwa na rangi zote kwa pamoja.

Wadudu kwa ufupi. Wapo viwavi weusi wenye michirizi ya njano, wanaingia ndani ya jani la krinamu wanalimaliza kwa siku mbili, watoe kwa mkono wakiwa wachache. Konokono wakubwa wanakuja usiku wa mvua, tembea na tochi.

Mbegu

Mpira mwekundu unazaa matunda mekundu kama shanga. Yakilainika yavue nyama (na glavu), osha mbegu, ziweke juu ya udongo wenye unyevu bila kuzifukia sana, mapema, mana zikikauka zinakufa. Ua la kwanza baada ya miaka mitatu minne. Ni subira, lakini ndo njia pekee ya kuwa na mengi bila kupunguza ya porini, na mimi nagawa kwa anaetaka. Gloriosa mbegu zake zinakawia kuota, miezi hata mitatu, usimwage udongo mapema. Krinamu ni ajabu, mbegu yake ni donge la nyama, kubwa kiasi cha zabibu au zaidi, haitaki udongo wala maji kuanza, unaiweka juu ya dirisha inatoa mzizi yenyewe.

Kuyatazama

Nendeni mkayaone kwao, picha haitoshi. Wakati ni siku 10 mpaka wiki mbili baada ya mvua ya kwanza kubwa ya vuli. Njia za maweni upande wa kusini na mashariki wa Unguja, Muyuni, Makunduchi, pembeni ya Jozani, au Kiwengwa, nyie wa Pemba mna Ngezi. Toka alfajiri kabla jua halijawa kali, vaa viatu vya kufunika maana mawe yale yanakata kama kisu, na macho yako yawe chini kwenye kivuli, sio juu. Ukiona moja simama hapo hapo, usipige hatua nyengine, kwa sababu mara nyingi yapo matano sita na mengine bado ni ncha tu zimefunikwa na majani makavu, unayakanyaga bila kujua. Chuchumaa uwe sawa na ua, subiri kimya dakika chache, vipepeo watakuja, na wakija unga wa njano unauona umewaganda kwenye mbawa.

Krinamu nenda jioni badala yake. Magharibi ikishaingia kabla giza halijashika sawa sawa, harufu inakufikia kabla hujaliona ua lenyewe, na nondo wakubwa wanazunguka wakinyonya bila kutua. Usichume. Likikatwa linanyauka kabla hujafika barabarani, na mbegu ya mwaka ule imekwenda.

Mbegu saba za krinamu ninazo dirishani sasahivi juu ya sahani, nilipewa Disemba, tano zimeshatoa mzizi na moja ina jani la kijani urefu wa kijiti cha kibiriti. Hizi nazipanda karibu na baraza, pale tunapokaa jioni.